Keratokonusi: dakika 30 au dakika 10 za mwangaza?

Kijana anapata miwani mipya, na kisha miezi michache haoni tena vizuri nayo. Usiku taa za magari zinatawanyika mbele yake. Nyumbani wanasema fundi wa miwani amekosea. Lakini inaweza kuwa keratokonusi: konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, inapungua unene na kuchongoka kama paa la nyumba ya msonge. Ugonjwa huu huanza zaidi katika ujana, na mtoto anayesugua macho kila mara kwa sababu ya mzio yuko hatarini zaidi.

Miwani hairudishi konea mahali pake. Kinachoweza kuizuia isiendelee ni kuikaza kwa vitamini B2, yaani riboflavini, pamoja na miale ya urujuanimno. Wanganga wa Dresden, inchini Ujerumani, walitangaza matokeo ya kwanza kwa wagonjwa mwaka 2003. Wanaondoa ngozi nyembamba ya juu ya konea, wanatia matone kwa dakika 30, kisha wanamulika dakika 30 zingine. Nyuzi za kolajeni zinashikana, konea inakuwa ngumu. Kwa kawaida konea inapaswa kuwa na unene wa maikroni 400 kwenda juu, ili miale isiumize sehemu za ndani.

Saa nzima kitandani ni ndefu. Ndiyo maana kukatokea njia ya haraka: nguvu ya mwangaza inazidishwa mara tatu, muda unashuka hadi dakika 10. Kwa hesabu, nishati ni ileile. Kwa jicho, si hivyo kabisa, kwani kazi hii inahitaji oksijeni, na mwangaza mkali unaimaliza mbio kuliko inavyoingia. Mara nyingi ukazaji haufiki ndani sana. Hata hivyo wagonjwa wengi wanatulia, na hospitali nyingi zinaitumia.

Njia ingine haiondoi ile ngozi. Maumivu ni kidogo, hatari ya maambukizi inapungua, na hapo wazazi wengi wanavutiwa. Shida ni kwamba ngozi hiyohiyo inazuia riboflavini na oksijeni. Katika tafiti nyingi njia hii imeshikilia konea kwa nguvu ndogo kuliko ile ya Dresden, ingawa kuna mbinu mpya zinazoongeza oksijeni. Kwa kijana ambaye ugonjwa wake unakimbia, siku chache za maumivu ni bei ndogo kuliko kupandikizwa konea ya mtu mwingine.

Mgonjwa aelezwe mapema kwamba lengo ni kusimamisha ugonjwa. Baadaye wengi wanahitaji bado miwani au lenzi ngumu, na konea inapimwa tena kwa miezi na miaka. Mzio nao utibiwe: jicho linaloendelea kuwasha litaendelea kusuguliwa, hata likiwa limekwisha kumulikwa.