Gunia la Lumbesa na Amri ya Kutoiba

Katika mafundisho ya kipaimara, Wakatoliki na Walutheri huihesabu amri ya kutoiba kuwa ya saba. Waanglikana na Wasabato huiita ya nane. Hesabu hiyo isitusumbue. Linalonisumbua mimi ni kwamba wengi wetu tukishaikariri huiona haituhusu tena, maana hatujawahi kuvunja nyumba ya mtu wala kumchomolea abiria pochi kwenye daladala. Torati yenyewe haikuishia kwa kibaka. Iliifuata amri hii hadi sokoni, ikakagua mizani.

Kumbukumbu la Torati 25:13-16 humkataza Mwisraeli kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi, au kuweka nyumbani vipimo viwili vya nafaka, kikubwa na kidogo. Kikubwa ni cha kununulia, kidogo cha kuuzia. Katazo linaanzia kwenye kuwa navyo tu, kabla mteja hajafika. Wanaakiolojia wamechimbua mawe ya namna hiyo katika nchi ya Yuda ya kale. Shekeli moja ilikuwa na uzito wa karibu gramu 11. Katika kipimo kidogo kiasi hicho, ukilichonga jiwe kidogo tu umeshamwibia mtu, naye haoni kitu.

Sasa tuje kwetu. Mkulima wa viazi Njombe huuza kwa gunia. Mnunuzi hulijaza hadi mdomoni, kisha hushonea juu kipande cha gunia jingine na kuendelea kujaza mpaka litoke nundu. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei inabaki ya gunia moja. Mzigo huohuo ukifika Dar es Salaam huuzwa kwa kilo au kwa sado, na hapo kila kiazi kinahesabiwa. Kununua kwa kipimo kikubwa na kuuza kwa kidogo ndiko hasa Torati ilikokukataza, na wapo wanaofanya hivyo Jumamosi, kisha Jumapili wanaimba kwaya. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo hupita kukamata. Kangomba ya korosho huko Mtwara na Lindi ni ndugu yake: mkulima mwenye shida ya fedha hupimiwa kwa chombo alichokuja nacho mnunuzi.

Nabii Amosi aliwajua watu hawa. Yeye mwenyewe alikuwa mfugaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, mtu wa shamba, na katika karne ya 8 kabla ya Kristo alikwenda kaskazini akawakuta wafanyabiashara waliokuwa wakiishika Sabato. Hawakufungua maduka siku hiyo. Lakini katika 8:5 anawafichua: walikaa wakiingoja Sabato ipite ili wakapunguze kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa jiwe la fedha. Walishika amri moja huku wakipanga kuvunja nyingine, na Amosi hakuwahesabia hata ile moja.

Ndugu zetu wengine husema Mkristo yuko chini ya neema, si chini ya sheria. Ni kweli, Paulo aliandika hivyo katika Warumi 6. Lakini katika sura ya 13 ya waraka huohuo aliitaja amri ya kutoiba kwa jina, akasema imejumlishwa katika kumpenda jirani. Neema haijamruhusu mtu kumpunja jirani huku akiimba kwamba anampenda. Martin Luther naye, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alipoieleza amri hii alipita haraka kwa mwizi wa mfukoni, akakaa sana kwa mfanyabiashara na fundi.

Na toba je? Zakayo, katika Luka 19:8, hakuishia kulia. Aliahidi kurudisha mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22:1 inamtoza aliyeiba kondoo. Kwa maoni yangu hapa ndipo mahubiri yetu yamelegea. Tunamwita mtu mbele, tunamwombea, tunapokea sadaka yake, wala hatumwulizi habari za mkulima aliyempunja. Sadaka iliyotoka kwenye nundu ya gunia ni mali ya mtu mwingine. Nasi viongozi wa kanisa tusijitoe: Yakobo 5:4 inazungumzia ujira uliozuiliwa, na mlinzi wa usharika aliyekaa miezi bila mshahara anaijua aya hiyo kuliko sisi.

Kwa hiyo, msomaji, ukinunua mazao shambani, lipa kwa kilo. Ukiwa na mizani, ipeleke ikahakikiwe na uipigishe muhuri. Na kama yupo uliyempunja na unamjua alipo, mpelekee chake kabla ya kupeleka fungu la kumi.