Ziara ya mafunzo Kenya: Elimu ipande basi, kiazi kibaki shambani

KWA mkulima wa viazi mviringo wa Njombe au Mbeya, shamba la mwenzake aliyefanikiwa hufundisha kuliko vipeperushi kumi. Ndiyo sababu vikundi vya wakulima hupenda ziara za mafunzo, na vyenye uwezo kidogo hutamani kuvuka mpaka.

Ziara ya namna hii ni semina isiyo na ukumbi. Darasa ni basi na ubao ni shamba. Washiriki huhama kituo hadi kituo kwa siku kadhaa: leo kwa watafiti, kesho kwa wazalishaji wa mbegu, keshokutwa kwa mkulima wa kawaida, na mwisho sokoni.

Kwa viazi, Kenya ni shule ya jirani. Huko zao hili ni la pili kwa chakula baada ya mahindi. Kituo cha utafiti wa viazi cha KALRO kipo Tigoni, karibu na Limuru. Shirika la Maendeleo ya Kilimo la nchi hiyo, ADC, huzalisha mbegu za viazi Molo, Nakuru, na Nyandarua ina wakulima wengi wadogo wa zao hilo.

Lakini shule hiyo iko mbali. Kutoka Njombe hadi Nairobi kupitia Iringa, Dodoma, Arusha na Namanga ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa basi la kukodi ni siku mbili kwenda na mbili kurudi, pamoja na kulala njiani. Katika ziara ya siku nane, nne huishia barabarani. Kila siku moja ya shambani inalipiwa na siku moja ya safari, hivyo kosa dogo la maandalizi hula fedha nyingi za wanachama.

Maandalizi hayo yanataka miezi mitatu. Kikundi kinachoanza wiki mbili kabla hujikuta kikikimbizana na karatasi, na mara nyingine huacha nyuma watu waliokwisha kuchanga.

Anza na msimu

Swali la kwanza ni lini viazi vya wenyeji vitakuwa shambani. Kwenda Nyandarua wakati mashamba ni matupu ni sawa na kwenda mnadani siku isiyo ya mnada.

Wakulima wa huko wanaofuata mvua za masika hupanda Machi na Aprili, na kuvuna kuanzia Julai. Mwishoni mwa Juni mgeni anaweza kuona viazi vilivyosimama vizuri, na vilivyowahi vikianza kuvunwa. Kipindi hicho kinamfaa pia mkulima wa Njombe, kwa kuwa zao la mvua limekwisha kuvunwa. Wenye vinyungu tu ndio watahitaji kupanga nani atamwagilia.

Ziara ikipangwa mwisho wa Juni, basi kikao cha kwanza kifanyike Machi. Barua za kuomba kupokelewa Tigoni na Molo ziende mwezi huo huo, zikitaja idadi ya wageni, tarehe na wanachotaka kujifunza. Vituo hivi vina kazi zake, na mgeni asiye na miadi anaweza kuishia getini.

Nani aende

Hapa ndipo vikundi vingi hugombana. Mara nyingi mwenyekiti, katibu na mweka hazina hujikuta wote ndani ya basi, na anayeshika jembe kila siku akabaki nyumbani.

Ni vyema sifa zikubaliwe kabla ya majina kutajwa. Aende mwenye shamba la viazi msimu huo, na aliye tayari kufundisha wengine atakaporudi. Wanawake wapewe nafasi za kutosha, kwani kazi nyingi za kuchagua na kuhifadhi mbegu ziko mikononi mwao. Mfanyabiashara mmoja au wawili wanaonunua viazi kijijini nao wana faida, kwa kuwa wataona soko kwa jicho ambalo mkulima hana.

Aidha, makubaliano ya fedha yaandikwe. Mwanachama akijitoa wiki ya mwisho, mchango wake unarudishwa au unabaki? Nafasi yake inachukuliwa na nani? Mambo haya yakiachwa kwenye maneno matupu, huvunja kikundi hata kabla ya safari.

Karatasi za mpakani

Raia wa Tanzania haombi viza kuingia Kenya. Hata Kenya ilipoanza kutumia kibali cha kuingia kinachoombwa kwa mtandao, Januari 2024, iliwasamehe raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Lakini kutokuwa na viza si kutokuwa na hati. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuruhusu raia wao kuvukiana mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Asiye na pasipoti aulize mapema katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kuhusu hati ya dharura ya safari.

Kazi kubwa mara nyingi ni kukusanya vielelezo vinavyodaiwa. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na wengine wana jina moja kwenye kitambulisho cha NIDA na jingine kwenye cheti cha shule. Kurekebisha hayo si kazi ya siku moja. Kwa hiyo kila mshiriki alete nakala za hati zake katika kikao cha kwanza, katibu azilinganishe herufi kwa herufi. Pasipoti iliyobakiza chini ya miezi sita nayo ishughulikiwe mapema.

Namanga ina kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa na marais wa nchi hizo mbili Desemba 2018. Anayetoka Tanzania hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo la upande wa Kenya, badala ya kupanga foleni mara mbili. Pamoja na hayo, mtu mmoja asiye na hati halali anaweza kusimamisha basi zima. Kiongozi awe na orodha ya majina na namba za hati za wote, nakala tatu.

Kadi mbili za njano

Wasafiri wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya mtu, ya pili ni ya gari.

Kadi ya mtu ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo kati ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, hivyo anayerejea Tanzania kutoka huko anaweza kudaiwa cheti. Jambo la kukumbuka ni kwamba cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa. Anayechanjwa juzi na kusafiri leo ana karatasi isiyokubalika. Kwa upande mwingine, tangu Julai 2016 chanjo moja inatambulika kwa maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Wajawazito na wenye umri wa miaka 60 na zaidi wamwone daktari kwanza.

Kadi ya gari ni bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, inayolipa madhara ambayo gari husababisha kwa watu wengine nje ya nchi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango huu wa bima. Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya basi, kikundi kimtake mmiliki aonyeshe bima hiyo na vibali vya kuvuka mpaka. Ahadi ya "tutamalizana hukohuko" isikubaliwe.

Mizigo nayo ina sheria. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Tumia vikapu na mifuko ya kitambaa. Makoti yabebwe, ingawa mtu wa Njombe hahitaji kufundishwa baridi ya Juni.

Kuhusu fedha, badilisha katika maduka yenye leseni au benki, si kwa vijana wanaozunguka madirishani mwa basi. Bajeti itaje usafiri, malazi, chakula, ada za wenyeji na posho ya dereva, kisha iongezwe asilimia 10 ya dharura. Mweka hazina asibebe fedha zote peke yake.

Uliza kilo, usiulize gunia

Wakifika shambani, wageni wengi hupiga picha na kushangaa ukubwa wa viazi. Picha peke yake haipandi mbegu. Kikundi kigawane maswali: wawili waandike kuhusu mbegu, wawili magonjwa, wawili hifadhi, wawili soko.

Wote wajihadhari na neno gunia. Kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Tanzania kikomo cha kisheria ni kilo 100, na lumbesa hupita hapo. Ukisikia bei ya gunia bila kuuliza uzito, utarudi na hesabu ya uongo. Geuza kila kitu kuwa bei ya kilo moja, kisha badilisha shilingi ya Kenya kuwa ya Tanzania.

Uliza pia kiasi cha mbegu. Kiwango kinachopendekezwa Kenya ni takriban kilo 800 kwa ekari, yaani magunia 16 ya kilo 50. Muulize mwenyeji anatumia ngapi hasa, anazipata wapi, na hurudia mbegu yake mwenyewe misimu mingapi kabla ya kununua mpya. Majibu hayo matatu yanaeleza mavuno yake kuliko maelezo marefu.

Kiazi mfukoni ni hatari

Sasa linakuja jaribu kubwa kuliko yote. Mgeni ameona aina ya Shangi, inayolimwa sana Kenya na kupendwa kwa kuiva haraka. Mwenyeji mkarimu anampa viazi vitano "akajaribu". Anavitia ndani ya soksi, anavuka Namanga, na anahisi amefanya ujanja.

Ujanja huo unaweza kugharimu kijiji kizima. Mwaka 2015 ilithibitishwa kuwa Kenya kuna minyoo ya viazi, ile inayotengeneza vifuko kwenye mizizi. Kifuko kimoja ni kama kichwa cha pini, lakini hubeba mamia ya mayai, na mayai hayo huweza kukaa udongoni hai hata miaka 20 bila kiazi kupandwa. Husafiri na udongo: ule ulioganda kwenye kiazi, kwenye viatu, kwenye jembe na kwenye matairi. Mnyauko wa bakteria nao hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima.

Wakulima wa ukanda huu wanajua jinsi janga linavyovuka mpaka. Ugonjwa wa kunyauka kwa mahindi uitwao MLN uligunduliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011. Mwaka uliofuata ulikuwa umeripotiwa Tanzania na Uganda.

Kwa hiyo viatu vya shambani viwe tofauti na vya safari. Kabla ya kutoka katika kila shamba, kwangua udongo wote kwa brashi, osha kwa maji na sabuni palepale, acha udongo wa shamba hilo hukohuko. Dawa za kuua vijidudu husaidia dhidi ya bakteria, lakini kwa minyoo cha msingi ni kuondoa udongo. Basi lisiingie shambani, liegeshwe barabarani.

Anayependa aina fulani ya mbegu aandike jina lake. Akirudi aulize TARI Uyole na TOSCI kama imesajiliwa nchini. Kuingiza mbegu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS ya Kenya. Njia hiyo ni ndefu, lakini mbegu inayopita humo imekaguliwa.

Safari haiishi stendi

Jioni ya kila siku, kabla ya kulala, kikundi kikae nusu saa na kila mtu ataje jambo moja atakalolijaribu. Katibu aandike. Siku ya nane orodha hiyo itakuwa na thamani kuliko albamu nzima ya picha.

Ndani ya wiki mbili baada ya kurejea ufanyike mkutano wa kijiji, na kila aliyesafiri asimame mbele ya waliochanga. Kisha kitengwe kipande kidogo cha shamba la mfano, robo ekari inatosha, kijaribiwe jambo moja au mawili tu: nafasi ya kupanda, kuchagua mbegu kwenye mimea yenye afya, au kuhifadhi mbegu kwenye mwanga hafifu ili ichipue vizuri.

Msimu ukiisha, mavuno yapimwe kwa mizani, si kwa macho, na yalinganishwe na ya shamba la kawaida. Hapo ndipo kikundi kitajua kama fedha za wanachama zilinunua elimu au zilinunua matembezi.