Mtoto akikuletea swali la dini kutoka kwenye simu, usimfukuze mkekani

Siku hizi swali la dini haliingii nyumbani kwa mlango wa chuoni peke yake. Linaingia usiku, kijana amejifunika shuka, simu mkononi na visikilizi masikioni. Asubuhi baba anatoka kwenda msikitini, kijana anamuuliza: "Baba, kwa nini sisi tunasoma kunuti Alfajiri? Nimemsikia sheikh mmoja anasema haimo." Mama anachambua mchele wa maulidi, binti anauliza: "Mama, hii si bidaa?" Na wapo wenye swali zito zaidi, ambao hawaulizi kabisa: tunajuaje kwamba Mungu yupo?

Kuanzia Mkinga mpaka Pangani, wazazi wengi wameshakutana na hali hii. Na katika nyumba nyingi jibu ni moja: "Nyamaza, usikufuru." Mzazi anadhani ameilinda imani ya mwanawe. Kumbe amemrudisha kwenye simu, safari hii bila mtu wa kumuuliza.

Elimu iliyokuwa na uso

Pwani yetu, elimu ya dini ilipokewa kwa mtu. Mtoto alianza na herufi mkekani, akapanda mpaka Juzuu Amma, akahitimu. Mwenye hamu aliendelea kwa sheikh, akasoma kitabu mbele yake mstari kwa mstari, mpaka akapewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha. Ukimuuliza umesoma kwa nani, alikutajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake.

Tanga imejengwa na watu wa namna hiyo. Sheikh Ali bin Hemed al-Buhry, aliyekuwa kadhi wa Tanga, aliandika juu ya mirathi kwa Kiswahili. Sheikh Muhammad Ayub aliijenga Shamsiyya, ikapokea wanafunzi kutoka mbali. Mwanafunzi alimwona mwalimu wake akiswali, akinunua samaki sokoni, akikasirika na akisamehe. Alijifunza kitabu na akajifunza mtu.

Simu imeuondoa uso huo. Klipu ya dakika moja haisemi msemaji kasoma wapi, wala kilichokatwa kabla na baada ya maneno yake. Na mitandao inampa mtu zaidi ya kile alichokitazama kwa muda mrefu. Kijana akisimama kidogo kwenye klipu moja ya mabishano, kesho ataletewa kumi. Baada ya mwezi atadhani dini nzima ni mabishano.

Si mara ya kwanza

Wazazi wengine wanaona jambo hili halijawahi kutokea. Limetokea. Mwaka 1923 ilichapishwa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyofanywa na Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya jumuiya ya Ahmadiyya. Vitabu hivyo vilifika mikononi mwa watu, na maswali yakaja navyo.

Masheikh wa pwani hawakutosheka na kukataza. Tangu miaka ya 1930, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa akichapisha magazeti, Sahifa na al-Islah, akiwafundisha watu kwa lugha yao. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar akaifasiri Kurani mwenyewe, na mwaka 1969 tafsiri yake kamili ikatoka. Baadaye zikaja kaseti za mihadhara, kisha mikanda ya video ya Ahmed Deedat wa Afrika Kusini. Kila chombo kipya kilileta maswali yake, na waliowasaidia watu ni wale waliokaa wakajibu.

Tofauti ya leo ni kasi. Kitabu kilifika kwa jahazi au kwa treni, na mzee alikuwa na wasaa wa kukisoma kabla ya mjukuu wake. Leo mjukuu ndiye wa kwanza.

Maswali si ya aina moja

Kabla ya kujibu, mzazi ajue ameulizwa nini.

Yako maswali ya tofauti za wanazuoni. Watu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi kunuti ya Alfajiri ni suna. Hanafi na Hanbali hawaisomi kila Alfajiri. Kijana aliyemsikia sheikh wa madhehebu nyingine hajasikia uongo, wala baba yake hakosei. Maulidi nayo: wanazuoni wakubwa wameyakubali, na wakubwa wengine wameyapinga. Mwezi ni hivyo hivyo. Kuna miaka nyumba moja inafunga na jirani anakula Idi. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Kuraib, aliyetoka Sham akiwa ameuona mwezi usiku wa Ijumaa, akafika Madina akakuta wao wameuona usiku wa Jumamosi. Ibn Abbas akashikilia mwandamo wa Madina. Mtoto akijua kwamba watu wema walitofautiana tangu enzi hizo, hataona kwamba wazee wake wamemdanganya.

Yako maswali ya shina lenyewe: kuwepo kwa Mungu, ukweli wa Kurani, kwa nini watoto wanakufa. Haya ndiyo yanayomtisha mzazi. Lakini Nabii Ibrahim, katika sura ya al-Baqara, aya ya 260, alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu, ili moyo wake utulie, na hakukemewa. Masahaba walimwendea Mtume wakilalamika kwamba nafsi zao zinapitiwa na mawazo mazito hata kuyatamka, naye akaichukua hofu yao hiyo kuwa ni alama ya imani. Imamu Ghazali, aliyeondoka Baghdad mwaka 1095 akaacha cheo chake cha ualimu, aliandika mwenyewe kuhusu shaka iliyomshika.

Tena sikiliza kilicho nyuma ya swali. Kijana anayeuliza Mungu yuko wapi, huenda amefiwa na rafiki na hajalia. Huyo anataka mtu wa kukaa naye kabla hajataka hoja.

Na uko wasiwasi. Mtoto anayerudia udhu mara kumi mpaka sala inampita, au anayeteswa na mawazo machafu asiyoyataka, hana upungufu wa imani. Mafundisho ya Mtume kuhusu wasiwasi ni kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na kuukatiza. Ukizidi, ukamnyima usingizi na masomo, mpeleke hospitali pia, kwa sababu upo ugonjwa wa namna hiyo na unatibika.

Sisi wenyewe tunatuma nini?

Mtoto anaangalia simu ya mzazi pia. Anaona kwenye kundi la WhatsApp la familia ujumbe wa kutuma kwa watu kumi ili upate habari njema kabla ya magharibi. Anaona hadithi isiyo na mpokezi wala kitabu. Akitafuta dakika mbili, anagundua kwamba haina asili. Kuanzia hapo kila tunachomwambia anakitilia shaka, na haki anayo. Sura ya al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuzichunguza habari kabla ya kuzichukua. Amri hiyo inaanza na sisi.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, msikilize mpaka amalize. Usiulize nani kakuharibu. Kijana aliyefukuzwa mkekani hakosi wa kumsikiliza: usiku wako watu asiowajua, tayari kumpa dini ya chuki au kumvua dini kabisa, na wote wanaanza kwa kumwambia kwamba wao wanamwelewa.

Pili, muulize swali la wazee wetu: huyu kasoma kwa nani? Itazameni klipu pamoja. Mtafute mhadhara mzima ilikotolewa. Kama jibu amelipata kwa akili mnemba, mweleze kwamba programu hizo zinaweza kutunga hadithi pamoja na jina la kitabu na namba yake. Kifungueni kitabu chenyewe.

Tatu, usiogope kusema "sijui, twende tukaulize." Imamu Malik aliulizwa maswali mengi, na sehemu kubwa akajibu kwamba hajui. Muende kwa maalimu mnayemwamini, na awe anayestahimili swali. Walimu wa madrasa nao watenge siku ya maswali, hata nusu saa kwa wiki, bila bakora.

Nne, wakumbukeni mabinti. Wengi huacha chuo wakishavunja ungo, na simu inabaki kuwa mwalimu wao pekee. Watafutiwe darsa la mwalimu mwanamke, ambaye wataweza kumuuliza hata yale wasiyoweza kumtajia baba.

Na kama shaka haitaondoka?

Itatokea. Kijana atasikilizwa, atapelekwa kwa mwalimu, na bado atasema moyo wake haujatulia. Hapo mzazi ana njia mbili: kumtenga, au kuendelea kumwekea chakula na kumwombea dua. Sura ya Luqman inatufaa hapa. Luqman anamuusia mwanawe asimshirikishe Mungu, na anamwita kwa jina la mapenzi, "ewe mwanangu mdogo." Aya ya 15 inazungumzia wazazi wanaomshikilia mtoto afanye ushirikina. Mtoto haruhusiwi kuwatii katika hilo, lakini ameamrishwa akae nao kwa wema hapa duniani.

Ikiwa mtoto ameamrishwa wema huo kwa mzazi aliyetofautiana naye katika jambo kubwa kuliko yote, mzazi naye hana kisingizio cha kumfungia mwanawe mlango. Shaka za ujana zinaweza kuchukua mwaka, hata miaka kumi. Atakapotaka kurudi kuuliza tena, awe anajua nyumba ipo na hakuna atakayemcheka.