Daktari wa Kike Tunayemtaka Yuko Gredi ya Tisa

Kila mama aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya waja wazito hapa Pwani analijua swali linaloulizwa mlangoni kwa sauti ya chini: "Leo ndani yuko nani, mwanamume au mwanamke?" Jibu likiwa ni mwanamume, wako wanaoingia kwa kuwa hapana budi, na wako wanaojitanda vizuri mabuibui yao na kurudi nyumbani, wakisema watakuja siku nyingine. Hatuna haja ya kueleza hatari ya hiyo siku nyingine kwa mja mzito mwenye shinikizo la damu. Haya ya mwanamke wa Kiislamu ni pambo lake, na kutaka kuhudumiwa na mwanamke mwenziwe si kosa. Lakini swali lile la mlangoni lina ndugu yake ambalo hatuliulizi: huyo daktari wa kike, huyo mkunga, huyo mtaalamu wa maabara, tunataka atoke nyumba ya nani?

Wengi wetu hudhani kwamba kazi ya mtoto huamuliwa siku matokeo ya mtihani wa mwisho yanapotangazwa. Sivyo. Kwa miaka mingi, katika mfumo wa 8-4-4, uamuzi ulifanyika mwisho wa Kidato cha Pili, wakati mwanafunzi alipochagua masomo ya kuendelea nayo. Binti aliiacha Fizikia kwa sababu mwenzake wa dawati ameiacha, au kwa sababu mwalimu alikuwa mkali. Nyumbani hakuulizwa, naye hakusema. Miaka miwili baadaye alama ikaja nzuri, familia ikafurahi, na ndipo ikagundulika kwamba kozi ya uhandisi aliyoitamani haimpokei asiye na Fizikia. Hakushindwa na mtihani. Alishindwa na karatasi aliyoijaza peke yake akiwa na miaka kumi na sita.

Sasa uamuzi huo umekuja mapema zaidi. Katika Mtaala wa Umilisi, mtoto huchagua mkondo wake akiwa Gredi ya 9, yaani akiwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Kundi la kwanza la watoto hao liliingia sekondari pevu, Gredi ya 10, mnamo Januari 2026. Mikondo ni mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, unaojulikana kwa kifupi kama STEM, sayansi za jamii, ambamo mna lugha, dini, historia, jiografia na biashara, na sanaa pamoja na michezo. Zaidi ya masomo ya lazima, mwanafunzi huchagua masomo matatu. Hisabati haikwepeki katika mkondo wowote, ila wa STEM hufundishwa iliyo nzito zaidi.

Jambo ambalo wazazi wengi hawajalitambua ni hesabu ya alama. Katika kumpangia mtoto nafasi ya sekondari pevu, asilimia 20 hutokana na tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 nyingine hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 ndiyo ya mtihani wa Gredi ya 9, yaani KJSEA. Kwa hivyo mzazi anayengojea Gredi ya 9 ndipo aanze kuhimiza, amekuta sehemu ya hesabu imekwisha kufungwa. Ile kazi ya mradi ambayo binti wa Gredi ya 7 ameiacha nusu, kwa sababu jioni nzima alikuwa jikoni huku kakaye akicheza mpira, nayo inahesabiwa.

Hapa ndipo tunapopaswa kuwa wakweli nafsini mwetu. Kuna maneno tunayoyasema bila kukusudia ubaya: "Wewe ni msichana, sayansi ya nini?" Au: "Chukua masomo mepesi, mwisho utaolewa." Tena kuna hofu iliyo nzito zaidi, kwamba mtoto akizama katika Kemia na Bayolojia ataipoteza dini. Hofu hiyo tuipime kwa mizani ya wanazuoni wenyewe. Imamu al-Ghazali, katika Ihya, aliutaja utabibu na hesabu kuwa miongoni mwa faradhi za kutosheleza: wakiwapo wa kuitekeleza, jamii imesalimika, wasipokuwapo, wote wana dhima. Akalalamika kwamba miji ya zama zake ilijaa watu wanaokimbilia fani moja ya elimu, huku utabibu ukiachwa bila Muislamu wa kuushika. Na kabla yake, katika mji wa Madina, Bibi Rufaida wa kabila la Aslam aliwauguza majeruhi katika hema lililopigwa msikitini. Basi binti anayesoma Bayolojia kwa nia njema hakuiacha njia ya mama zake wa mwanzo. Madrasa yake iendelee, hifdhi yake iendelee, na kitabu cha sayansi kikae juu ya meza ile ile.

Hatusemi kwamba kila mtoto asukumwe katika STEM. Huo nao ni udhalimu, na mtoto aliyelazimishwa huvunjika katikati ya njia. Mkondo wa sayansi za jamii si jalala la walioshindwa. Mahakama za Kadhi, ambazo zimetambuliwa na Katiba ya 2010, zinahitaji watu waliobobea katika sheria ya Kiislamu. Shule zetu zinahitaji walimu wa Kiarabu na wa dini. Na benki zinazofuata sharia zinahitaji wahasibu wanaoijua biashara na kuielewa riba. Mtoto mwenye ulimi mzuri na kumbukumbu ya maandiko huenda pahala pake ni huko. Tunachokipinga ni kuchagua kwa kubahatisha, au kuchagua kwa kuogopa.

Wako pia watoto wetu waliobaki katika 8-4-4, ambao mtihani wao wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka 2027. Kwao masomo yamekwisha kuchaguliwa, lakini kozi bado. Shahada ya chuo kikuu huanzia wastani wa C+, stashahada C-, na cheti D, ingawa kozi nyingi huomba zaidi ya hapo. Tena wastani peke yake hautoshi. Idara ya kuwapanga wanafunzi, KUCCPS, hutazama pia masomo manne yanayohusiana na kozi inayoombwa. Watoto wawili wenye C+ moja huweza kupata majibu tofauti kabisa. Kabla ya kujaza nafasi, mtoto na mzazi wasome pamoja masharti ya kila kozi, kisha wapange machaguo yao kwa mpango: lile analolitamani, lile linalolingana na alama zake, na lile ambalo hawezi kulikosa.

Asiyefikia shahada asihesabiwe ameanguka. Yuko anayeanza na stashahada ya uuguzi katika chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, akafanya kazi, kisha akarudi kusomea shahada. Na ufundi nao una heshima yake hapa Pwani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza mwaka 1948 kikiwa taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan na ya jamii ya Mabohora, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Wazee wale hawakuuona umeme na mitambo kuwa kazi duni. Sisi wajukuu wao tusiwe na kiburi kuliko wao.

Basi tufanye nini nyumbani? Kwanza, tuketi na mtoto, baba na mama pamoja, ripoti za shule zikiwa mbele yetu, tumuulize anapenda nini na kwa nini, tumsikilize hadi amalize. Pili, twende shuleni kabla ya fomu kujazwa. Tuulize ni masomo gani yanayofundishwa hapo kwa hakika, kwa kuwa si kila shule ina masomo yote. Kama maabara inatumika au imefungwa kwa kufuli. Na kama binti atapata nafasi ya kuswali na kuvaa hijabu yake. Tatu, tumpeleke kwa mtu wa kazi hiyo. Mtaa haukosi muuguzi, mfamasia, fundi wa umeme au mwalimu. Saa moja ya mazungumzo naye humwonyesha mtoto mambo ambayo fomu haiyasemi. Nne, baada ya kushauriana, tuswali istikhara, kisha tutegemee. Na ikiwa mtoto yumo tayari katika mkondo usiomfaa, tumwendee mwalimu mkuu mapema, kabla masomo hayajasonga mbele.

Mama aliyeko kwenye benchi la kliniki leo huenda ana binti wa miaka kumi na minne aliyebaki nyumbani akiwaangalia wadogo zake. Akirudi jioni amuulize fomu ya mkondo itajazwa lini, na aombe kuiona. Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi busara ya kuwashika mkono wakati wa kuchagua. Amin.