UMEPEWA KAZI USIYOIJUA? USIJIFANYE MJUAJI!

HEBU vuta picha, msomaji wangu. Jumatatu asubuhi, hata chai hujanywa, bosi anakutupia faili mezani: "Hii ya kwako, Ijumaa nataka iwe imeisha." Unalifungua, huelewi kitu. Wengi wetu vijana tunachekacheka na kusema "hamna tabu bosi", huku jasho linatiririka mgongoni.

Mimi yalinikuta hapa hapa Tanga, nikiwa kibarua katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Jina tuliache. Nilishazoea mizigo ya ndani, mara napewa faili la mzigo wa kwenda Kongo. Nikaitikia "najua". Siku 3 nzima nikajaza makaratasi kama ninavyojaza ya mzigo wa mtu wa Chumbageni. Kumbe mzigo unaopita tu nchini haulipiwi ushuru hapa, unawekewa dhamana forodhani ili usije ukashushwa njiani na kuuzwa mitaani. Makaratasi yote yakarudishwa. Siku za kuhifadhi bure nazo zinayoyoma, na zikiisha kila siku ni pesa. Kibarua kikawa kinaelekea kuota nyasi.

Jioni nikaenda kwenye kahawa Ngamiani. Hapo yupo mzee mmoja, karani wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee. Nimekwama."

"Marahaba mwanangu. Umemuuliza nani?"

"Sijauliza mtu."

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Akaniambia hata wao wazee walirudi darasa la kwanza juzi juzi tu. Miaka nenda rudi meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, ndipo ukaletwa gatini. Kazi iliyoanza 2019 ikachimba kina kutoka mita 3 hadi 13, likajengwa na gati la mita 450, meli ikawa inakuja kufunga yenyewe. Mabingwa wa tishari wakajikuta hawajui wasimame wapi. Ikabidi waulize, tena wengine waliwauliza vijana wa umri wa wajukuu zao.

Na mkonge je, uliotupa jina mkoa mzima? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu! Zao geni, ardhi ngeni, na miche karibu yote imekufa. Mimi ningeandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo. Yeye akaipanda hiyo hiyo 62 kule Kikogwe, Pangani, akaanza na alichonacho.

Ushauri wa mzee ulikuwa mfupi: tafuta faili la kazi kama hiyo lililokwisha kufungwa, ulifuate karatasi kwa karatasi. Usipoelewa andika pembeni. Halafu mwambie bosi mapema, usingoje Ijumaa.

Kesho yake nikajikaza, nikaingia kwa bosi. Alinichamba, jamani, mpaka mfagizi akatoka nje kunionea huruma. Alipochoka akafungua kabati, akanipa faili la zamani la mzigo wa Zambia. Kila kitu kilikuwamo humo, na dhamana yenyewe.

Mzigo ulitoka Jumatano ya wiki iliyofuata. Gharama ya siku 2 za kuhifadhi nilikatwa mimi kwenye mshahara, na kahawa ya mzee mpaka leo nalipa mimi.