Ardhi ya Urithi Katika Amana ya Familia Mshika Hati Anapofilisika: Mtazamo Kutoka Tabora

Tabora ilikua kutokana na Kazeh, kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Katika mji mkongwe wa namna hiyo, kiwanja cha marehemu huweza kubaki kwa jina la ndugu mmoja kwa niaba ya warithi wote. Ndugu huyo akifilisika, je, kiwanja chote huenda kwa wadai?

Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, hukusanya mali ya mfilisika, lakini huacha nje mali aliyoishika kwa amana ya wengine. Jina lililo kwenye hati, basi, si mwisho wa shauri. Hata hivyo, mshika hati akiwa pia mnufaika, fungu lake huingia mikononi mwa mfilisi. La dada zake haliingii.

Ugumu hasa uko katika ushahidi. Makubaliano ya mdomo baada ya arobaini ya marehemu ni rahisi kupingwa, na wadai husema amana imebuniwa ili kuwakwepa. Shaka yao haikosi msingi: sheria ya Uingereza ya 1914, ambayo ile ya Tanzania imefuata muundo wake, ilibatilisha mali iliyotolewa kwa hiari ndani ya miaka 2 kabla ya kufilisika. Lakini kanuni hiyo humgusa mdaiwa aliyetoa mali yake mwenyewe. Amana iliyowekwa na baba kwa wosia ni jambo jingine.

Vijijini kuna kizuizi zaidi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, haki ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji.