Tone Lisilosubiri

Mwaka 1958 George Papanicolaou, tabibu mzaliwa wa Kymi huko Ugiriki, ambaye sifa zake zilikwisha kuenea ulimwenguni kwa kipimo cha shingo ya kizazi, alichapisha pamoja na wenzake utafiti juu ya majimaji yatokayo katika matiti, wakidhihirisha kwamba ndani ya tone dogo mna seli zilizobambuka kutoka kuta za mirija ya maziwa, na kwamba seli hizo, zikitiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, huweza mara nyingine kufichua saratani ambayo mkono haujaipapasa. Hata hivyo, hatima ya kipimo hiki cha majimaji ya titi aghalabu huamuliwa kabla tone halijafika maabara, tena kwa sekunde chache.

Muuguzi stadi huanza kwa stara: huomba idhini, hufunga pazia, hueleza kila atakalolitenda, maana mwanamke aliyeona doa jekundu katika nguo yake amekuja na hofu yake. Huandika kwa penseli, kwenye ncha ya kioo iliyokwaruzwa, jina la mgonjwa, namba yake, na kama titi ni la kulia au la kushoto. Ni penseli, wala si kalamu, kwani wino huyeyuka katika alkoholi, na kioo kisichojulikana ni cha nani hakimfai mtu yeyote. Kisha huifuta chuchu kwa pamba yenye maji, huikanda taratibu pasipo kuiumiza, hata tone kadiri ya punje ya kunde litokeze. Hapo hukigusisha kioo na tone, hukiburuta mara moja, na papo hapo hukitumbukiza katika alkoholi ya asilimia 95. Akikawia, hewa hukausha seli, zikavimba, viini vyake vikapoteza mipaka na rangi isishike barabara, hata mtaalamu asiweze kubainisha kilichoharibiwa na maradhi na kilichoharibiwa na uzembe.

Si kila majimaji ni ya kutisha. Yanayohitaji kuchunguzwa zaidi ni yale yatokayo yenyewe, katika tundu moja la titi moja, hasa yakiwa na damu. Na hata hayo, mara nyingi asili yake ni papiloma, kinyama kidogo kisicho saratani kilichoota ndani ya mrija. Maziwa yatokayo matiti yote mawili kwa asiyenyonyesha huelekeza zaidi kwenye homoni ya prolaktini, au dawa anazotumia.

Lakini nasema kwa mkazo: jibu la kwamba seli za saratani hazikuonekana halimwondolei mtu shaka, kwa kuwa huenda hazikubambuka siku hiyo, au tone lilikuwa na seli chache mno. Mwenye kutokwa na damu chuchuni yampasa apigwe picha za titi, na pengine akatwe kipande cha nyama kwa uchunguzi, ijapokuwa kioo hakikuonyesha kitu. Mwanamume naye asione haya kwenda kwa daktari, kwani kwake dalili hiyo ni nadra, na kwa sababu hiyo hutiliwa shaka zaidi.